Nahau si Orodha

Wanafunzi wa sekondari, kuanzia Mukendo mjini Musoma hadi Bunda na Butiama, hukariri nahau za Kiingereza kwa ajili ya mitihani. Orodha husema "kick the bucket", yaani "kupiga ndoo teke", ni kufa, basi. Hapo tunawapunja. Nahau hubeba maana pamoja na heshima, utani na mahali pa kusemwa. Anayekizungumza Kiswahili hahitaji kuambiwa kwamba msibani husemwa mzee "ameaga dunia", wala hathubutu kusema "amekata kamba". Ile ya ndoo nayo ni ya utani; ukiitia katika barua ya rambirambi, maana umeipata lakini wafiwa umewaumiza.

Watakaonipinga watasema muda wa mtihani ni mfupi na orodha huleta alama. Kwa maswali ya kuchagua jibu, ni kweli. Insha, hata hivyo, humtaka mwanafunzi aitumie nahau, na aliyekariri tu huichomeka popote. Tena mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na hazina ya nahau ambayo orodha haiigusi kabisa. Kupima neno kwa msikilizaji kuna mfano wa karibu: katika tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare aliyoitoa Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mwaka 1969, mfanyabiashara mmoja anayetajwa katika jina la Kiingereza la tamthilia hiyo aligeuka wengi: "Mabepari wa Venisi". Yaelekea alipima neno litasikikaje kwa Watanzania wa wakati ule. Darasani swali liwe hilohilo: sisi jambo hili hulisemaje, na nani humwambia nani?