Neely na Shanahan: Nani fowadi bora wa mechi za mchujo?

KATIKA mpira wa magongo wa barafuni, mchezaji hapimwi kwa mabao ya msimu wa kawaida pekee. Hupimwa hasa kwa yale ayatendayo baada ya msimu huo, wakati timu 16 za ligi ya NHL ya Amerika Kaskazini zinapoingia katika mechi za mchujo kuwania Kombe la Stanley. Bingwa sharti apite raundi nne, na katika kila raundi lazima amshinde mpinzani yule yule mara nne.

Mjadala kuhusu mafowadi waliotamba katika kipindi hicho aghalabu huwafikia Wakanada wawili: Cam Neely aliyevuma na Boston Bruins, na Brendan Shanahan aliyeng'aa na Detroit Red Wings. Wote wameingizwa katika Ukumbi wa Magwiji, Neely mwaka wa 2005 na Shanahan mwaka wa 2013. Hata hivyo, rekodi zao za mchujo hazifanani hata kidogo. Neely alifunga mabao 57 katika mechi 93 na hakutwaa kombe. Shanahan alifunga 60 katika mechi 184 na akatwaa makombe matatu.

Wote walikuwa wa aina inayoitwa fowadi wa nguvu. Tofauti na magongo ya uwanjani, kanuni za mchezo wa barafuni humruhusu mchezaji kumgonga kwa bega mpinzani aliye na kile kisahani cha mpira. Fowadi wa nguvu hufunga kama mshambulizi hodari, hugonga kama beki, na ugomvi ukizuka haukimbii. Shanahan ndiye mchezaji pekee katika historia ya NHL aliyepita mabao 600 na pia dakika 2,000 za adhabu. Naye Neely ndiye ambaye wengi humtaja kuwa kielelezo cha fowadi wa namna hiyo.

Neely alizaliwa mjini Comox, katika mkoa wa British Columbia, mwaka wa 1965. Vancouver Canucks walimwachilia kwenda Boston mnamo Juni 6, 1986, siku aliyotimiza umri wa miaka 21. Miaka miwili baadaye alikuwa miongoni mwa wachezaji walioivunja laana ya Montreal Canadiens, timu ambayo Boston haikuwa imeibwaga katika mchujo tangu mwaka wa 1943. Katika mechi ya tano ya 1988, iliyozima kiu hiyo ya miaka 45, Neely alifunga mabao mawili ugenini.

Boston waliishinda New Jersey Devils katika raundi iliyofuata kwa mechi saba. Kikosini mwa New Jersey alikuwamo chipukizi wa miaka 19 aliyekuwa akicheza msimu wake wa kwanza. Jina lake lilikuwa Brendan Shanahan.

Hata hivyo, ubingwa ulimponyoka Neely. Boston walishindwa na Edmonton Oilers katika fainali ya 1988 na tena katika ile ya 1990, mwaka ambao Neely mwenyewe alipata mabao 12 na pasi za mabao 16 katika mechi 21 za mchujo. Mwaka wa 1991 alikuwa mkali zaidi: mabao 16 katika mechi 19. Ndipo, katika raundi ya tatu dhidi ya Pittsburgh Penguins, beki Ulf Samuelsson alipomgonga pajani na gotini. Boston, waliokuwa wakiongoza kwa mechi mbili kwa nunge, walipoteza nne mfululizo.

Misuli ya paja lililoumia ilianza kugeuka mfupa. Katika misimu miwili iliyofuata Neely alicheza mechi 22 tu za kawaida. Aliporejea msimu wa 1993/94, alifikisha mabao 50 katika mechi yake ya 44, lakini majeraha yakamnyima mchujo wa mwaka huo. Alistaafu mwaka wa 1996 akiwa na umri wa miaka 31.

Mwezi uo huo ambao Boston walianza msimu bila Neely, Oktoba 1996, Detroit walimchukua Shanahan kutoka Hartford Whalers. Detroit hawakuwa wametwaa kombe tangu mwaka wa 1955. Katika mchujo wa 1997 Shanahan alifunga mabao tisa, likiwamo lile la muda wa pili wa ziada lililowang'oa Anaheim katika raundi ya pili. Philadelphia Flyers wakafagiliwa kwa mechi nne katika fainali, na kiu ya miaka 42 ikakatika. Detroit wakahifadhi taji mwaka wa 1998.

Kilele chake kingine kilikuja mwaka wa 2002. Detroit walikuwa nyuma kwa mechi tatu dhidi ya mbili mbele ya Colorado Avalanche walipozuru Denver. Kipa Patrick Roy aliuinua mkono kuonyesha kwamba amekidaka kisahani, kumbe kimemponyoka. Shanahan akakisukuma langoni. Detroit walishinda 2-0, kisha wakainyeshea Colorado 7-0 katika mechi ya saba. Katika mechi iliyowapa ubingwa dhidi ya Carolina Hurricanes, Shanahan alitia kimiani mabao mawili katika ushindi wa 3-1.

Je, makombe matatu yanatosha kumpa ushindi? Makombe ni ya timu. Detroit ilikuwa na Steve Yzerman, Sergei Fedorov na Nicklas Lidström, chini ya kocha Scotty Bowman. Boston ilikuwa na Ray Bourque, beki stadi, lakini haikuwa na kikosi kipana kiasi hicho.

Wanaomtetea Shanahan wana hoja nyingine nzito, nayo ni zama. Msimu wa 1987/88 mechi moja ya NHL ilikuwa na wastani wa mabao zaidi ya saba. Kufikia msimu wa 1997/98 wastani ulikuwa umeshuka hadi yapata 5.3, kwa sababu ya mbinu za kujilinda na vifaa vikubwa vya makipa. Si haki, basi, kulinganisha mabao yao moja kwa moja.

Njia ya kukwepa tatizo hilo ni kumlinganisha kila mmoja na yeye mwenyewe. Katika msimu wa kawaida Neely alifunga mabao 395 katika mechi 726, sawa na 54 kwa kila mechi 100. Katika mchujo alipanda hadi 61. Shanahan alifunga 656 katika mechi 1,524, sawa na 43 kwa kila mechi 100. Katika mchujo alishuka hadi 33. Mechi zilipokuwa ngumu zaidi, mmoja aliongeza makali na mwingine akapungukiwa.

Ni kweli kwamba Neely hakuwahi kucheza mchujo akiwa mzee, ilhali takwimu za Shanahan zimebeba mechi za umri wa miaka 19 na hata za umri wa miaka 40. Kudumu kiasi hicho nako ni sifa. Lakini anayeulizwa ni nani wa kuogopwa zaidi katika raundi moja ya mechi saba, mizani inamwelemea Neely. Mabao yake 55 ya mchujo akiwa na Boston yalibaki rekodi ya klabu hiyo hadi Brad Marchand alipoyapita mwaka wa 2024.

Hatima yao nje ya uwanja ilikwenda kinyume. Neely alifanywa rais wa Boston Bruins mwaka wa 2010, na mwaka uliofuata klabu hiyo ikatwaa Kombe la Stanley, jina lake likachongwa juu yake. Shanahan, mwenye makombe matatu ya uwanjani, aliiongoza Toronto Maple Leafs kuanzia 2014 hadi 2025 bila kuifikisha fainali.