Ramani za Rufiji na mita moja isiyoonekana

Tandaza mezani ramani ya Bonde la Rufiji ya skeli ya 1:50,000, ambayo sentimita 2 ni kilomita 1. Mto upo, umepindapinda kwa rangi ya buluu, na maziwa madogo na vinamasi vimeuzunguka. Mwinuko ndio haba. Kontua zimeachana kwa futi 50 au mita 20, na kwenye tambarare ya mafuriko kidole chako kinaweza kwenda mbali bila kukutana na hata moja.

Ramani za namna hii zilishika kasi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya kupima makoloni yake, chini ya Martin Hotine, na ndege za kivita aina ya Lancaster zikapewa kazi ya kupiga picha, zikiruka kutoka Eastleigh, Nairobi. Picha zililaliana makusudi, ili kipande kilekile cha ardhi kionekane kutoka pande mbili. Mchoraji alipozitazama pamoja kwa chombo maalumu, vilima viliinuka mbele ya macho yake, naye akafuatisha kimo. Ulikuwa ustadi wa hali ya juu. Ila mita moja iliyofichwa na matete haikupata mstari.

Na mita hiyo ndiyo inayomlisha Mrufiji. Mafuriko ya masika yakipungua, ardhi iliyobaki na unyevu hupandwa mlau: mahindi, maboga, kunde. Maji yanapotuama ni pa mpunga. Palipoinuka kidogo hujengwa dungu, kibanda cha miguu mirefu, ambamo mtu huamia ndege na wanyama waharibifu na kujinusuru mto ukifura.

Baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji ya serikali iliwahamishia watu nchi ya juu, mbali na mashamba yao. Kwenye karatasi ni mwendo wa sentimita chache tu. Kwa miguu na mtumbwi ikawa safari ya kila msimu kurudi mashambani, na wengi waliendelea kulala madunguni hadi mavuno.

Leo maji yanapitia Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, na bado Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba Rufiji na Kibiti. Dar es Salaam, tangu 2015, vijana wa mradi wa Ramani Huria wamechora mitaa inayofurika kwa kuwauliza wakazi maji hufika wapi. Rufiji nayo inastahili kupimwa hivyo, shamba kwa shamba, sasa hivi, maadamu waliolima mlau kabla ya bwawa wapo wa kuulizwa.