Wazee wa Mara waliosomea ukubwani

Mstaafu wa Musoma siku hizi huamkia simu. Chai haijachemka, keshapata tangazo la msiba wa Nyasho, onyo kuhusu chumvi kutoka kwa daktari asiyejulikana, kichekesho cha mzee na kikokotoo chake cha pensheni, na picha ya meli ya zamani ikiwa gatini. Wajukuu hudhani mchanganyiko huu umeletwa na simu. La hasha. Nusu karne iliyopita mkoa wa Mara ulikuwa uwanja wa majaribio ya namna ya kuwapelekea watu wazima habari na ushauri wa afya, na wengi waliokuwa vijana wa miaka ishirini na kitu wakati ule ndio wazee wa leo.

Jambo lilianza mwaka 1968. Serikali ya Tanzania na UNESCO walichagua mikoa minne ya Ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi ambayo sasa ni Kagera, wakaanzisha mradi wa kisomo chenye manufaa. Makao yake yalikuwa Mwanza. Wazo lilikuwa jepesi: mtu mzima asifundishwe kusoma kwa vitabu vya watoto, bali asome juu ya kazi anayoifanya. Mkulima alipewa kitabu cha pamba, mvuvi cha uvuvi, mfugaji cha ng'ombe, na akina mama wakapewa cha malezi na mapishi. Kwa nchi ya pamba kama Bunda, mtu aliweza kujifunza kuandika huku akijifunza nafasi ya kuacha kati ya mche na mche.

Kisha Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya mkesha wa mwaka mpya, akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Madarasa yakafunguliwa shuleni jioni, chini ya miembe na kwenye majengo ya chama. Wanafunzi wakaitwa ngumbaru, na utani ukaanza papo hapo. Mwalimu mara nyingi alikuwa kijana wa kujitolea aliyemaliza darasa la saba. Alianza kipindi kwa kuwaamkia wanafunzi wake wote shikamoo, ndipo apate ujasiri wa kumwambia babu yake mdogo kwamba herufi yake imelala chali. Mume na mke walikaa darasa moja, na mke akitangulia kusoma, habari hiyo ilifika kilabuni kabla ya mume. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulikuwa na hatua nne, na wapo ambao hadi leo hutaja hatua waliyofikia kama wengine wanavyotaja cheo cha jeshini.

Lakini kilichogusa miili ya watu kilikuja mwaka 1973, nacho kilipita hewani. Kampeni ya Mtu ni Afya ilidumu wiki 12. Vikundi vilikusanyika kusikiliza kipindi cha Radio Tanzania Dar es Salaam, kisha kiongozi wa kikundi akasoma kijitabu kwa sauti, watu wakajadili, na mwisho wakaamua watafanya nini kabla ya kukutana tena. Viongozi wapatao 75,000 walifunzwa nchini kote, na washiriki walifika takriban milioni 2, katika nchi ambayo haikuwa na hata watu milioni 15.

Kwa watu wa kando ya Ziwa Victoria somo la kichocho halikuwa hadithi ya mbali. Kinyesi chenye mayai ya kichocho kikifika majini, mayai huanguliwa na vimelea vikaingia kwenye konokono. Humo huzaliana, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevuta wavu. Mvuvi angeweza kuuliza, na swali lake lingekuwa la haki: nitaishije bila kulikanyaga ziwa? Jibu la kikundi halikuwa aache uvuvi. Lilikuwa kila kaya ichimbe choo, ili huo mzunguko ukatike nchi kavu. Vyoo vikachimbwa kwa mamia ya maelfu nchini. Malaria, minyoo, kuhara na kifua kikuu navyo vilipata zamu yao.

Mimi naamini nguvu ya kampeni ile ilikuwa katika ubishi wake. Redio ilisema, lakini haikuachiwa neno la mwisho. Mzee aliyeona mambo ya vyoo ni ya aibu kuzungumzwa mbele ya wakwe alipata pa kusimama akasema hivyo, na jirani yake akamjibu. Ujumbe wa simu kuhusu limau na shinikizo la damu haujibiwi. Unasambazwa tu.

Waliokuwa wanaendesha kisomo waligundua mapema kwamba asiye na cha kusoma husahau alichojifunza. Ndiyo maana Mwanza kulitoka gazeti la vijijini la Kanda ya Ziwa, Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya wasomaji wapya. Maktaba za vijiji nazo zikaanzishwa.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Musoma, likatoka Azimio la Musoma: kila mtoto aingie shule ya msingi kufikia mwaka 1977. Lilikuwa jambo jema, na lilikuwa na gharama ambayo haitajwi sana. Chumba, chaki na mwalimu vilikuwa vile vile, na sasa vilitakiwa na mtoto pia. Miaka ya 1980 ikaja na uhaba wa kila kitu, karatasi na betri za redio zikiwemo. Takwimu za serikali za mwaka 1986 zilisema watu wazima tisa kati ya kumi wanajua kusoma, lakini ngumbaru wa kweli walikuwa tayari wanapungua darasani.

Mstaafu maarufu kuliko wote mkoani alirudi nyumbani wakati huo huo. Nyerere aliuacha urais Novemba 1985 na uenyekiti wa CCM mwaka 1990, naye ndiye aliyelipa taifa neno la Kizanaki kwa kitendo hicho: kung'atuka. Kijijini kwake Butiama alilima, alicheza bao na wazee wenzake, alizigeuza Injili kuwa tenzi. Kupumzika hasa hakupumzika, maana hadi kifo chake Oktoba 1999 alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi.

Wenzake wengi wa rika hawakustaafu kamwe. Mkulima wa pamba hana barua ya kustaafu wala pensheni. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Bara bado hakuna kitu kama hicho, na nadhani ni aibu yetu. Aliyeajiriwa naye ana yake: mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, uliowaka mwaka 2018, na malipo ya mkupuo ya asilimia 33 yaliyotangazwa mwaka 2022, umewapa wastaafu hesabu ngumu kuliko zote walizowahi kufundishwa.

Walichobaki nacho ni sera. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilielekeza wazee wasio na uwezo watibiwe bure, na madirisha ya wazee yakafuata hospitalini. Pale Kwangwa, Musoma, hospitali ya rufaa yenye jina la Mwalimu ilianza kujengwa miaka ya 1970, ikasimama miongo kadhaa, ikaja kupokea wagonjwa miaka ya karibuni tu. Waliobeba mawe wakiwa vijana wanapimwa presha humo. Wakiwa kwenye benchi wanabishana: kama chumvi ndiyo mbaya au mafuta, nani alipata hatua ya nne mwaka 1975, na kama dagaa wa zamani walikuwa watamu zaidi au ni meno tu yaliyokuwa yamekamilika.