Sanduku la Wanavyuoni
Katika Oxford ya zamani mali kubwa ya mwanachuoni ilikuwa kitabu chake, kilichoandikwa kwa mkono juu ya ngozi. Bima haikuwapo, palikuwapo sanduku. Mnamo mwaka 1240 Askofu Robert Grosseteste aliweka kanuni za sanduku la kuwakopesha wanavyuoni maskini: mkopaji aliweka rehani, mara nyingi kitabu, wala hakutozwa riba. Masanduku ya namna hiyo yalitiwa kufuli kadha, na funguo zikagawiwa watu mbalimbali. Maana mwivi wa ndani naye, yaonekana, aliogopwa. Lakini kufuli hazizuii ghadhabu. Mwaka 1381, huko Cambridge, wenyeji waliyavunja masanduku ya Chuo, wakazichoma sokoni hati zilizokipa Chuo mamlaka juu ya mji wao.