Mti wa Kwinini

Katika misitu yenye ukungu iliyo kwenye miteremko ya milima ya Andes, Amerika ya Kusini, huota jamii ya miti ambayo wataalamu wa mimea huiita Cinchona. Aina zake ni zaidi ya 20, nazo ni za ukoo mmoja na mbuni. Aliyewahi kuingia katika shamba la kahawa hatapata taabu kuutambua undugu huo: majani hukaa mawili mawili yakielekeana tawini, na maua hunukia vizuri. Lakini maua ya Cinchona hutoka kwa vichala kwenye ncha za matawi, na kingo zake zina vinyweleo mfano wa kope. Wala tunda lake si la nyama kama buni mbichi. Ni ganda kavu ambalo likikomaa hupasuka kuanzia chini kwenda juu, likazimwaga mbegu nyepesi mno zenye mabawa, zichukuliwe na upepo.

Thamani ya mti huu imo katika gome lake chungu, ambalo ndilo asili ya dawa ya kwinini. Katika karne ya 17 mapadre Wajesuiti walilipeleka Ulaya, likatibu homa ya malaria. Mwaka 1742 Linnaeus, bingwa wa Sweden, aliuita mti huo kwa jina la bibi mmoja mkubwa, mke wa mtawala wa Peru, aliyekuwa wa Chinchón. Naye akaisahau herufi moja, na kosa hilo limedumu hata leo. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga kwinini yenyewe kutoka katika gome.

Tangu hapo kila dola yenye makoloni katika nchi za joto ilitaka mashamba yake yenyewe. Lakini miti hii hufanana sana, tena aina moja huchavusha nyingine, hata wazao wakawa mchanganyiko. Gome la mti mmoja huwa na kwinini tele. La jirani yake, karibu hamna kitu. Waholanzi waliyaona hayo kwa hasara huko Java, walipotunza miti kwa maelfu, kisha wakagundua kuwa gome lake halifai.

Waliojua kuipambanua ni wenyeji waliokata magome msituni. Mmoja wao alikuwa Manuel Incra Mamani wa Bolivia, mtumishi wa mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger. Ledger alimwomba mbegu za miti bora kabisa. Mamani alingoja miaka minne, kwa kuwa baridi kali iliyaua maua. Mwaka 1865 akamletea mbegu hizo, baada ya safari ndefu ya miguu. Serikali ya Uingereza haikuzitaka. Waholanzi walinunua ratili moja tu, wakaipanda Java, na miti iliyoota ikatoa gome lenye kwinini zaidi ya asilimia 10. Aina hiyo iliitwa ledgeriana, kwa jina la aliyeziuza mbegu. Aliyezitafuta alikamatwa na wakuu wa nchi yake kwa ajili ya mbegu hizo, akafungwa, akapigwa, na kwa mateso hayo akafa.

Kufikia miaka ya 1930 Java ilikuwa ikitoa zaidi ya sehemu tisa katika kumi za gome la dunia nzima. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Java, na majeshi ya Marekani na Uingereza, yakipigana katika nchi za malaria, yakakosa kwinini. Ikabidi Marekani ipeleke wataalamu wake kuutafuta mti wa mwitu katika misitu ile ile ya Andes.

Miti hii imefika kwetu pia: Wajerumani waliipanda Amani, katika milima ya Usambara, na siku hizi sehemu kubwa ya gome linalouzwa duniani hutoka katika mashamba ya Kivu, mashariki mwa Kongo.