Maji safi ya nani? Soma hii kabla ununue filta ya samaki

Wadau, mwezi jana samaki wangu wote watano walikufa, na maji yao yalikuwa yanang'aa kushinda ya kunywa. Nilikuwa nimemwaga maji yote, nikaosha sponji ya filta kwa maji ya mfereji, nikajaza upya. Siku tatu, kwisha.

Nikashuka tao kutafuta filta kali zaidi. Muuzaji akaniambia, "Bosi, chukua hii mashine, inatoa kila kitu." Bei yake ni kodi yangu ya miezi miwili. Nikarudi nyumbani kwanza nisome. Niliacha chuo, sikuacha kusoma.

Jina Nairobi ni la Kimaasai, linatokana na maji baridi. Reli ilipofika 1899, mji ukakua haraka kuliko mto wake. Chemchemi za Kikuyu zikasaidia, kisha bwawa la Sasumua likaja 1956, na Ndakaini 1994. Leo maji mengi ya jiji yanatoka Murang'a, yanasafishwa Ng'ethu na kutiwa klorini kabla yafike kwako.

Hiyo klorini si adui. Jersey City kule Marekani ilianza kuitia kwenye maji ya mji wote 1908, na miji mingine ikafuata, kwa sababu homa ya matumbo ilikuwa inamaliza watu. Klorini inaua vijidudu. Shida ni kwamba haichagui, na pia inachoma mashavu ya samaki.

Sasa rudi nyuma kidogo. Mwaka 1850 huko London, mkemia Robert Warington alieleza jinsi alivyoweka samaki, mimea na konokono pamoja, wakaishi bila kubadilishiwa maji kila mara. Miaka arobaini baadaye Sergei Winogradsky akaonyesha kuna bakteria wanaokula amonia na kuigeuza nitriti, na wengine wanaigeuza hiyo nitriti kuwa nitrati. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Kumbe ile sponji yangu ndiyo ilikuwa nyumba ya hao bakteria. Niliosha wafanyakazi wote nikawamwaga kwenye sinki.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: usinunue mashine ya kutoa kila kitu. Inatoa hata madini ambayo samaki wanahitaji, na haikupi bakteria. Nunua filta ya sponji na pampu ndogo ya hewa, halafu tia dawa ya kuondoa klorini kwa maji ya mfereji. Ngoja wiki nne hadi sita bakteria wakue ndipo ujaze samaki. Badilisha robo ya maji tu, na sponji uikamue ndani ya yale maji unayomwaga.

Tangi langu liko wiki ya tatu sasa. Maji yana ukungu kidogo, na bado sijanunua samaki hata mmoja.