Jani Moja, Majina Mengi: Hakuna Taifa Linalozaliwa na Kilevi

Vijana wenzetu, hapa kambini tumezoea kutaniana: Wasomali ni watu wa miraa, Wakongo na Warundi ni watu wa pombe. Mara nyingine utani unaishia kwenye ngumi. Hebu leo tuangalie historia inasemaje.

Kenya wanaita miraa, Tanzania mirungi, Uganda mairungi, Ethiopia chat. Ni mti ule ule, na unapenda nyanda za juu kama Meru na Harar. Wazee wa Meru waliitumia kwenye posa na vikao vya baraza. Harar, wanafunzi wa dini walitafuna ili wakeshe na vitabu vyao. Kwetu Kivu na Burundi kulikuwa na migomba, kwa hiyo pombe ya ndizi ndiyo iliyokaa kwenye harusi na matanga. Yaani kila mtu alitumia kilichoota karibu naye.

Baadaye biashara ikaingia. Nguvu ya miraa hupungua ndani ya siku mbili hivi, kwa hiyo zamani haikufika mbali. Magari na ndege vilipoanza kuibeba ikiwa bichi, ikafika Mogadishu mpaka London. Waingereza walijaribu kuizuia Somaliland mwaka 1921, na Siad Barre akaipiga marufuku Somalia mwaka 1983. Haikuisha. Serikali ilipoanguka mwaka 1991, kazi zikapotea na miraa ikazidi kuwa biashara kubwa. Wauzaji wengi wa rejareja ni akina mama wanaotafuta chakula cha watoto.

Sheria nazo zinafuata nani anafaidika. Kenya, ambako maelfu ya wakulima wanaitegemea, sheria ya mwaka 2016 iliitambua kama zao la biashara. Tanzania inaihesabu kuwa dawa ya kulevya kwa sheria ya mwaka 2015. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014, na wakulima wa Meru wakapoteza soko. Kwa hiyo wewe unayevuka mpaka, jua kwamba kitita kinachouzwa wazi upande huu kinaweza kukupeleka jela upande ule.

Sasa turudi kambini. Hapa tumekutana watu wa miraa na watu wa ndizi, na wote tuna shida moja: siku ni ndefu, kazi hakuna, vibali ni vigumu. Katika nafasi hiyo kilevi chochote kinaingia. Posho ikiishia kwenye jani au chupa, sufuria ya nyumbani inalala tupu, iwe ni kwa Msomali au kwa Mkongo.

Basi tukimuona mwenzetu amezama, tuache kumuuliza ametoka nchi gani. Tumuulize anashinda akifanya nini tangu asubuhi, halafu tumvute kwenye mpira, kwenye masomo, kwenye kibarua kidogo tukikipata.